Waliosomwa Redioni

Katika nyumba yetu ya Maringo redio ilikaa juu ya kabati la vyombo, imefunikwa kitambaa alichokifuma mama, na hakuna mtoto aliyeruhusiwa kuigusa. Siku ambayo majina ya wachezaji wa timu ya taifa yangesomwa, baba aliishusha mwenyewe na kuiweka mezani. Sauti ya Kenya ilianza na mambo ya serikali: rais alikuwa wapi, waziri alihutubia nani. Msomaji alipokaribia habari za michezo, mlango wetu ulikuwa umeshajaa watu. Baadhi yao walikuwa na redio zao nyumbani, tena kubwa kuliko yetu, lakini walikuja. Orodha ile haikusikilizwa na mtu peke yake. Ilihitaji mwenzako wa kubishana naye papo hapo, kabla jina la mwisho halijapoa.

Makipa walitangulia, wakafuata mabeki, viungo, na mwisho washambuliaji, kila mmoja na klabu yake. Wakubwa walihesabu kwa vidole: hawa wa Gor Mahia, hawa wa Abaluhya, na vidole vilivyobaki wakagawana Mombasa, Nakuru na timu za makampuni. Orodha ilipokwisha kulikuwa na kimya kidogo, kisha mtu mmoja akataja jina ambalo halikusomwa. Hapo ndipo mabishano yalipoanza. Mara nyingi jina lile lilikuwa la kijana tuliyemjua sote, ambaye jioni ile ile tungemkuta mferejini akingojea ndoo yake ijae.

Nimeishi na majina yale yasiyosomwa kwa miaka mingi. Wazee wa rika la baba yangu husema kwamba zamani wachezaji wa taifa walichaguliwa kwa kipaji tu, na kwamba siasa na pesa zilikuja baadaye. Mimi siamini hivyo. Ninachoamini ni kwamba zamani kipaji kilionekana mapema, kwa sababu macho yaliyokitazama yalikuwa karibu, pembeni mwa uwanja wa vumbi ulio nyuma ya nyumba. Kijana akimpita mtu mara mbili, mtu wa tatu aliuliza, "Mtoto wa nani yule?" Swali hilo ndilo lililokuwa uteuzi wa kwanza. Lakini kati ya macho yale na redio ya baba kulikuwa na milango, na kila mlango ulikuwa na bawabu wake.

Anayetaka kuiona milango hiyo atembee Barabara ya Jogoo kutoka mjini, ile ambayo wakati wa mkoloni iliitwa Donholm Road. Ataanza na City Stadium, na ng'ambo kidogo nyama ya soko la Burma ikinukia. Kuna Kaloleni na nyumba zake za mawe za miaka ya 1940, kuna Makongeni ya wafanyakazi wa reli, kuna Shauri Moyo, kisha Maringo, Jerusalem, Jericho. Njiani ataiona Mbotela, iliyopewa jina la Tom Mbotela, mwanasiasa aliyeuawa mwaka 1952, na atapita kila mahali panapobeba jina la Ofafa, diwani Ambrose Ofafa aliyeuawa mwaka 1953. Mitaa hii haikujengwa ili watu waishi wapendavyo. Ilijengwa ili mji upate mikono ya kufanya kazi. Mwafrika asiye na mwajiri hakutakiwa Nairobi, na nyumba aliyopewa ilikuwa chumba cha mwanamume mmoja aliyeacha familia yake mashambani. Kwa hiyo tangu mwanzo, kabla mchezaji hajaulizwa anapiga kwa mguu gani, aliulizwa anafanya kazi wapi.

Hata uwanja ulikuwa na rangi yake. City Stadium iliitwa African Stadium, na jina hilo lilieleza yote. Wazungu walikuwa na klabu zao na nyasi zao, Wahindi walikuwa na za kwao, na sisi tulikuwa na ule wa Donholm Road. Ajabu ni kwamba uwanja uliotengwa kwa ajili ya waliodharauliwa ndio uliowalea wachezaji ambao nchi nzima ilikuja kuwajua kwa majina.

Mashindano ya kimataifa yalianza mapema kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1926 Kenya na Uganda zilicheza kwa mara ya kwanza kuwania Kombe la Gossage, lililotolewa na kampuni ya sabuni ya jina hilo, na Kenya ikalichukua. Baadaye Tanganyika na Zanzibar ziliingia, na kombe likaendelea mpaka miaka ya 1960. Waliocheza ni Waafrika, lakini kalamu ilikuwa mikononi mwa maafisa wazungu. Njia ya kufikia kalamu hiyo ilipitia mlango wa kwanza, timu za maeneo. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1940 kulikuwa na Kombe la Remington, ambamo Nairobi, Pwani na pande za Nyanza zilikutana, na wateuzi walikaa jukwaani wakiandika. Mchezaji aliyetaka kuonekana ilimpasa kwanza achaguliwe na eneo lake, na eneo la Nairobi lilichaguliwa kutoka timu za mitaa hii. Hivyo ndivyo alivyopita Elijah Lidonde, mfungaji ambaye jina lake lilitajwa katika kila nyumba yenye redio miaka ya 1950, na ambaye baadaye, mwaka 1967, aliiongoza timu ya taifa kama kocha. Ni mmoja wa wachache waliokaa pande zote mbili za meza ya uteuzi.

Kisha akaja Joe Kadenge.

Alizaliwa mwaka 1935 magharibi mwa Kenya, akaja Nairobi kuichezea Maragoli United, na baadaye akaingia Abaluhya. Waliomwona hawaelezi mabao yake kwanza. Wanaeleza jinsi alivyosimama. Wanasema alikuwa anaupokea mpira kana kwamba uwanja mzima umepewa likizo, beki anamjia kwa hasira, naye hana haraka, mpaka beki mwenyewe aanze kuona aibu kwa kukimbia. Leonard Mambo Mbotela alikuwa akitangaza mechi redioni, na kwa kuwa mpira ulirudi kwa mtu yule yule kila mara, alijikuta akirudia maneno matatu: Kadenge na mpira. Maneno hayo yakatoka uwanjani yakaingia mitaani. Mama aliyemwona mtoto akichelewa na kibuyu cha maziwa aliyatumia, na makanga wa basi akayatumia. Nadhani hakuna mchezaji mwingine Afrika Mashariki ambaye jina lake limekuwa usemi wa kila siku kwa muda mrefu hivyo.

Napenda kukaa hapa kidogo, kwa sababu sauti ya Mbotela ilifanya kazi ambayo haikuandikwa katika kanuni zozote za uteuzi. Kabla ya televisheni kufika nyumba za watu wa kawaida, redio ndiyo iliyokuwa shahidi. Mtu wa Turkana, Lamu au Kisii ambaye hajawahi kuiona City Stadium alijua kwamba Kadenge ndiye mwenye mpira, na mteuzi ambaye angethubutu kumwacha angeulizwa na nchi nzima. Redio ilimlinda mchezaji dhidi ya chuki ya ofisini. Upande mwingine wa jambo hilo ni mchungu. Mbotela alitangaza mechi kubwa, na mechi kubwa zilichezwa na klabu kubwa. Kijana wa Hamza au Ziwani aliyecheza daraja la tatu, hata angekuwa na miguu ya dhahabu, hakuwa na wa kumtangaza zaidi ya watu mia mbili waliosimama pembeni siku ile. Hao walimtangaza kwa mdomo, na habari ya mdomo ilifika mwisho wa Jogoo Road ikachoka.

Kwamba macho ya nyumbani peke yake hayatoshi, tulifundishwa kwa ukali. Tarehe 12 Desemba 1965, siku tuliyokuwa tukiadhimisha miaka miwili ya uhuru, Ghana ilikuja Nairobi ikatufunga mabao 13. Ghana ile ilikuwa bingwa wa Afrika, imelichukua kombe la bara mwaka 1963 na tena mwezi uliotangulia kutujia, na wachezaji wake walikuwa wakiandaliwa pamoja kwa muda mrefu. Wetu walikuwa wamekusanywa kutoka kazini. Kushindwa huko ndiko kulikoanza kubadili mazungumzo: kuchagua kumi na mmoja bora si sawa na kuwa na timu. Ikaja kambi, wakaja makocha kutoka nje. Mjerumani Eckhard Krautzun alishika timu mwaka 1971, na mwaka 1972 Kenya ikafika fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika kwa mara ya kwanza, huko Cameroon, na Jonathan Niva akiwa nahodha. Tulifungwa na wenyeji 2-1, tukatoka sare ya 1-1 na Mali, na sare nyingine kama hiyo na Togo. Hatukushinda, lakini aibu ya 1965 ilikuwa imefutika.

Klabu zilikuwa mlango wa pili, na sitaki kuzungumzia mlango huu kwa pupa, maana watu wengi hukimbilia neno ukabila na kufunga mjadala. Kijana aliyeshuka kutoka basi la mashambani pale Landhies Road miaka ya 1960 hakumjua mtu yeyote mjini ila wa kwao. Chama cha watu wa kwao kilimtafutia pa kulala, kilimchangia nauli mzazi wake alipofariki, kilisafirisha maiti. Chama hicho hicho kilikuwa na timu. Maragoli walikuwa na yao, Bunyore yao, Samia yao; Waluo walikuwa na Luo Union na Luo Stars. Mwaka 1964 timu nyingi za Waluhya ziliungana kuwa Abaluhya, na mwaka 1968 Luo Union na Luo Stars zikaungana kuwa Gor Mahia, ingawa Luo Union iliinuka tena baadaye na kuwa mabingwa wa Afrika Mashariki na Kati mara mbili mfululizo, 1976 na 1977. Kwa mchezaji mgeni, klabu ilikuwa shangazi na mjomba, ilikuwa benki, ilikuwa wakala wa kazi. Mtu hawezi kuilaumu bila kuishukuru.

Lakini klabu hizi zilipokua, zilikuja kuigawa timu ya taifa kama ardhi ya urithi. Wateuzi waliweka jicho moja uwanjani na jingine mitaani, kwa sababu walijua Kaloleni ingesema nini ikiona kijani ya Gor imezidiwa na bluu ya Abaluhya. Kijana wa Eastlands ambaye wazazi wake hawakutoka upande wa ziwa wala upande wa Kakamega alikuwa na tatizo ambalo hakuna mazoezi yangeliondoa. Pwani nao walilalamika, na walikuwa na haki, kwamba Nairobi iliwatazama kama watu wa kujazia nafasi, ingawa walikuwa wametoa wachezaji kama Ali Kajo. Serikali iliona hatari hiyo, na mwaka 1980 majina ya kikabila yakapigwa marufuku katika michezo. Abaluhya ikawa AFC Leopards, na mashabiki wakaendelea kuiita Ingwe kana kwamba hakuna kilichotokea.

Mlango wa tatu ulikuwa mwajiri, na huu naujua kutoka nyumbani kwetu.

Mjomba wangu, ndugu mdogo wa mama, alikaa nasi Maringo miaka ya katikati ya 1970. Alilala sebuleni, na sebule ndiyo ilikuwa pia jikoni. Asubuhi alivuka reli kwenda Industrial Area, kwenye kiwanda ambacho sitakitaja, na jioni alikuwa uwanjani. Alicheza winga wa kushoto. Jumamosi aliichezea timu ya kiwanda, Jumapili aliichezea timu ya mtaa, na sisi watoto tuligombania kumshikia viatu, pea moja tu, aliyokuwa akiishona kwa uzi wa magunia. Siku moja watu wawili wasiojulikana walionekana uwanja wa Camp Toyoyo, wamevaa vizuri, hawakushangilia upande wowote. Mtaa mzima ulijua kabla ya nusu ya kwanza kwisha kwamba wametoka kwenye shirikisho la mpira.

Barua iliandikwa. Wakati huo mchezaji hakuitwa kambini yeye mwenyewe. Aliombwa kutoka kwa mwajiri wake, kama mtu anavyoazima jembe kwa jirani. Barua ikaenda kiwandani. Kulikuwa na oda kubwa wiki ile, na msimamizi hakutaka mashine ibaki bila mtu. Akaitia kwenye mtoto wa meza. Mjomba aliipata Ijumaa ya wiki iliyofuata, majaribio yakiwa yamekwisha siku tatu zilizopita.

Mama alikasirika kuliko yeye. "Kwa nini hukwenda ukaeleze?" alimwuliza.

"Ningemweleza nani, dada?" mjomba akasema. "Na nikirudi kutoka kueleza, nirudi kwenye kazi gani?"

Jibu hilo lilimaliza mazungumzo, kwa kuwa chumba tulichokaa kilitegemea mishahara miwili na mmoja ulikuwa wake. Wachezaji wa Reli, wa Posta, wa Kenya Breweries, wa jeshi na polisi na magereza walikuwa na bahati ambayo hatuikumbuki vya kutosha: mwajiri wao alijivunia jina lake likisomwa redioni, akawaachilia. Ndiyo maana orodha za miaka ile zilijaa wanajeshi na watu wa mashirika. Si kwamba vipaji vilipenda ofisi za serikali. Ofisi za serikali ndizo zilizoweza kutoa ruhusa.

Mtu aliyejaribu kuivunja milango hii kwa mpango alikuwa Mjerumani mwingine, Bernhard Zgoll. Kenneth Matiba aliongoza shirikisho kuanzia 1974 hadi 1978, mtu wa nidhamu aliyeuendesha mpira kama kampuni, na mwishoni mwa muongo huo Zgoll akaanzisha vituo vya vijana mikoani, vilivyoitwa vituo vya Olimpiki. Wazo lilikuwa jepesi na jipya kwetu: mchukue mchezaji akiwa mvulana, kabla hajapata mwajiri wa kumzuia wala klabu ya kumdai, mfundishe kwa miaka, kisha mpeleke juu. Kwa mara ya kwanza kijana angeweza kuonekana na nchi bila kwanza kuwa mtu wa fulani.

Matunda ya kazi hiyo, na ya jicho la kocha Marshall Mulwa, yalionekana miaka ya mwanzo ya 1980. Mulwa alikuwa Mkenya, aliwajua wachezaji kwa majina ya mama zao, na Kenya ikachukua Kombe la Challenge la Afrika Mashariki na Kati mara tatu mfululizo: 1981 Dar es Salaam, 1982 Kampala kwa penalti dhidi ya Uganda wenyewe, na 1983 Nairobi. Golini alisimama Mahmoud Abbas wa Mombasa, aliyeitwa Kenya One, na hakuna mtu wa Pwani aliyelalamika tena kuhusu golini. Mbele alikuwepo Joe Masiga, JJ, aliyesomea udaktari wa meno na kuichezea nchi raga pamoja na mpira wa miguu. Palikuwa na Wilberforce Mulamba, palikuwa na Ambrose Ayoyi, palikuwa na John Bobby Ogolla nyuma, mtu ambaye washambuliaji walimzunguka kama gari linavyozunguka shimo. Nikiisoma orodha ile leo, bado ni Ingwe na Gor kwa sehemu kubwa. Tofauti ni kwamba Mulwa aliwaweka pamoja miaka mitatu. Aliacha kuwachagua upya kila mara kufuatana na kelele za wiki, na hilo peke yake lilikuwa ujasiri.

Katika miaka hiyo hiyo winga wa Leopards aitwaye Noah Wanyama aliitwa timu ya taifa. Alikaa Muthurwa, mtaa wa reli unaopakana na kelele zote za mji. Watoto wake walikulia hapo. Wawili kati yao, McDonald Mariga na Victor Wanyama, walisoma Kamukunji, wakacheza katika vumbi lile lile, na mmoja akafika Inter Milan mwaka 2010, mwaka ambao klabu hiyo ilikuwa bingwa wa Ulaya, na mwingine akaifunga Barcelona akiwa na Celtic mwaka 2012, kisha akawa Mkenya wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza. Watu huzungumza juu ya damu. Mimi nazungumza juu ya sebule. Vijana wale walilelewa na mtu aliyejua barua ya kuitwa inaonekanaje, inafika wapi, na inaweza kupotelea mikononi mwa nani. Watoto wengi wa Eastlands wenye miguu kama yao hawakuwa na mtu wa kuwaambia hayo.

Mwaka 1987 ulikuwa mwaka wa Kasarani. Uwanja mpya, Michezo ya Afrika, kocha Reinhard Fabisch kwenye benchi, na fainali tuliyofungwa na Misri bao 1-0 mbele ya umati ambao Kenya haijawahi kuukusanya tena kwa sababu ya mpira. Desemba Gor Mahia ikachukua Kombe la Washindi la Afrika kutoka kwa Esperance ya Tunis. Yote hayo yameandikwa mara nyingi. Kilichoanza mwaka ule ule bila kelele kilikuwa Mathare, ambako Mkanada Bob Munro na vijana wa bondeni walianzisha chama cha michezo cha vijana, MYSA. Katika ligi yao timu ilipata pointi 6 kwa kusafisha mtaa, yaani mtu angeweza kupoteza ubingwa kwa sababu hakubeba koleo. Hapakuwa na ada ya klabu, wala mwajiri, wala kabila la kulindwa. Palikuwa na umri wako na timu ya barabara yenu. Hicho ndicho Zgoll alichokitaka, kikaota bila shirikisho, katika mtaa ambao wateuzi hawakuwa wamewahi kukanyaga isipokuwa kwa kupotea njia.

Mathare United ilizaliwa humo mwaka 1994. Muongo mmoja baadaye, Tunisia, Jacob Mulee alipoipeleka Kenya fainali za Afrika, walikuwemo waliopitia klabu hiyo, kama Titus Mulama na Dennis Oliech, pamoja na wenzao waliokuwa wakilipwa Ulaya na Afrika Kusini. Tuliifunga Burkina Faso 3-0, mabao ya Emmanuel Ake, Oliech na John Baraza. Kenya ilikuwa imefika fainali hizo mara nne kabla ya hapo bila kushinda mechi hata moja. Na Francis Kimanzi, aliyekulia katika mpira huo wa Mathare, alikuja kuwa kocha wa taifa yeye mwenyewe. Mlango ulikuwa umefunguliwa na watu ambao hakuna aliyewapa ufunguo.

Kadenge aliishi akayaona hayo yote. Mwaka 2002 aliitwa kuwa kocha wa timu ile aliyoichezea, na kati ya enzi hizo mbili aliendesha teksi jijini, akiwabeba abiria ambao wengine walijua ni nani aliyeshika usukani na wengine hawakujua. Alifariki Julai 2019. City Stadium ikapewa jina lake. Nakubali heshima hiyo kwa moyo wote, na bado naona kwamba ingefaa zaidi kama angeipata akiwa hai, na kama uwanja wenyewe ungetunzwa kama jina linavyostahili.

Kila mwisho wa mwaka, ligi zikipumzika, watu wa Eastlands hukusanyika Ziwani, uwanja wa Umeme, kwa mashindano ya Koth Biro. Jina ni la Kidholuo, maana yake mvua inakuja, na yamechezwa hapo tangu miaka ya 1970. Hakuna viti. Watu husimama, wanapanda juu ya ukuta, wanakalia magari. Mchezaji wa ligi kuu hujikuta akikabwa na kijana anayeuza mitumba Gikomba, na kwa dakika tisini hakuna anayeweza kukuambia yupi ni yupi. Desemba iliyopita nilimpeleka mjomba. Sasa anatembea kwa mkongojo, na macho yake hayaoni vizuri upande wa jua, kwa hiyo tulisimama upande wa kusini, vumbi likitujia usoni.

Nusu ya kwanza hakusema neno. Nilidhani amechoka.

"Mjomba, turudi?"

Hakunijibu. Aliinua mkongojo akauelekeza upande wa kushoto wa uwanja, kwa kijana mwembamba aliyevaa jezi iliyomzidi, ambaye alikuwa amegeuza shingo kuangalia nyuma yake kabla mpira haujamfikia. Mpira ulipofika alikuwa ameshaondoka nao. Mjomba akamgeukia mtu aliyesimama karibu, mtu ambaye hatukumjua, akamshika mkono.

"Mtoto wa nani yule?" akauliza.